Mshai, Nondo na Ndoo ya Chokaa

Sogea karibu. Kaa vizuri. Hadithi hii ni ndogo, na mwenye hadithi ni mdogo zaidi.

Palikuwa na msichana aitwaye Mshai. Alikuwa na miaka sita, sweta la bluu, na pengo moja kubwa kwenye meno ya mbele.

Jino lilimtoka Jumatatu akila hindi choma. Mpaka leo haijulikani kama alilimeza.

Mshai aliishi na nyanya yake kwenye Kilima cha Mwarao. Asubuhi ukungu hushuka huko, mpaka mbuzi hupotea akiwa amesimama mlangoni.

Shule yao ilikuwa juu kabisa ya kilima. Uwanjani palikuwa na mikuyu saba, mikubwa, yenye magome ya madoadoa.

Madoa ya kijivu. Madoa ya kijani. Na meupe machache, kama unga uliomwagika.

Siku moja, wakati wa mapumziko, Mshai alikaa chini ya mkuyu wa kwanza. Alikuwa anakula kiazi kitamu, anakitafuna upande mmoja tu.

Mara kipande cha gome kikatembea.

Mshai akaacha kutafuna. "Gome halina miguu," akasema.

Lakini gome hili lilikuwa na miguu. Ilikuwa sita! Mshai aliihesabu mara mbili.

Kumbe halikuwa gome. Alikuwa nondo.

Nondo ni ndugu wa kipepeo. Kipepeo hupenda sana kuonekana. Nondo huyu hakupenda hata kidogo.

Alikuwa mdogo, hazidi ukucha wa kidole gumba cha Mshai. Mabawa yake yalikuwa ya kijivu na kijani, na kila bawa lilikuwa na doa moja jeupe.

Kichwani alikuwa na manyoya meupe, kama babu aliyeamka sasa hivi. Na vipapasio viwili, vyembamba kama uzi.

Akatulia. Mshai akapepesa macho, akampoteza. Akatafuta, akampata.

*Yupo? Hayupo. Yupo!*
*Tazama polepole, utamwona alipo.*

Mshai akapuliza taratibu. Fuuu.

Nondo akafungua mabawa. Pa! Ndani kulikuwa na mabawa mengine mawili, ya rangi ya papai lililoiva.

"Ala! Umeficha nguo nzuri ndani!" Mshai akasema.

Pu-pu-pu-pu. Nondo akaruka, akatua juu kidogo. Akafunga mabawa, akawa gome tena.

Jioni Mshai alimkuta nyanya akichambua maharagwe. Wote wawili wanaitwa Mshai, kwa hiyo nyanya humwita "wajina".

"Nyanya, leo nimeona nondo mwenye nguo ya papai."

Mikono ya nyanya ikasimama. "Bado yupo? Mimi nilimwona nikiwa mdogo kama wewe, wajina. Nilikuwa na pengo pia."

"Anaishi wapi, nyanya?"

"Mimi nimekaa Voi. Nimekaa Mombasa. Nimekwenda mpaka Moshi kumwona shangazi yako. Kote huko nimeona nondo wa kila namna, hata wale wanaokula mablanketi yangu. Huyo wako sijamwona."

"Basi anaishi wapi?"

"Hapa kwetu tu. Anaanzia kijitoni, anaishia shuleni. Ukivuka kijito, hayupo tena."

Mshai akafikiri. Kutoka kijitoni mpaka shuleni ni mwendo wa nyimbo mbili. Ukikimbia, ni wimbo mmoja.

"Ni nchi ndogo sana," akasema.

"Naye ni mdogo. Inamtosha."

"Na ikiharibika?"

Nyanya aliokota harage bovu, akalitupa kando. "Ikiharibika, hana pengine pa kwenda."

Mshai hakulipenda jibu hilo. Alilala nalo, akaamka nalo.

Wiki ile ile ikaja habari shuleni. Jumamosi ni Siku ya Wazazi!

Unajua shule hufanya nini wageni wakija? Nyasi hukatwa. Madirisha hufutwa.

Na kila kitu kilichosimama hupakwa chokaa. Mawe hupakwa, nguzo hupakwa, miti nayo hupakwa. Ukisimama sana, na wewe utapakwa.

Ijumaa asubuhi Mzee Mwadime alichanganya chokaa kwenye ndoo. Yeye ndiye mtunzaji wa shule.

Akatia maji. Akatia chumvi kidogo, ili chokaa ishike. Akakoroga, chubu, chubu, chubu.

"Nani anataka brashi?" akauliza.

"Mimi!" Mshai alipiga kelele kuwashinda wote. Akapewa brashi, na mkuyu wa kwanza ukawa wake.

Pwata, pwata, pwata! Chokaa huku. Pwata, pwata, pwata! Chokaa kule. Nyingine iliingia sikioni.

Mkuyu ukavaa soksi nyeupe, kubwa, mpaka pale mkono wa Mshai ulipofika. Mshai akarudi nyuma akautazama.

Alifurahi mno. Alifurahi mpaka akasahau. Wewe umekumbuka? Mshai hakukumbuka.

Mchana, chokaa ilianza kukauka. Ndipo kikaja kitu kidogo kutoka juu. Pu-pu-pu-pu.

Alikuwa nondo. Akatua pale pale anapotua siku zote.

Nondo huyu alijua njia moja tu ya kujificha, nayo ni kutulia. Basi akatulia, kijivu juu ya nyeupe.

*Yupo? Yupo. Yupo!*

Hapakuwa na haja ya kutazama polepole. Hata aliye getini angemwona.

Na kuku wa Mzee Mwadime alimwona. Kuku huyo aliitwa Karani, kwa sababu alikagua kila kitu.

Tko, tko, tko, Karani akasogea. Akainamisha kichwa. Akanyoosha shingo.

Ndo!

"Shii! Shii, Karani!" Mshai akapiga kelele.

Nondo akaruka. Lakini kipande cha bawa kilibaki mdomoni mwa Karani.

Nondo akatua kwenye jiwe, karibu na kiatu cha Mshai. Bawa lake la kulia lilikuwa na nafasi wazi ukingoni.

"Una pengo," Mshai akamwambia, "kama mimi."

Machozi yakamlengalenga. "Ni mimi niliyeipaka nyumba yako. Si mtu mwingine. Ni mimi."

Wakubwa husema majuto ni mjukuu. Siku hiyo mjukuu alikuwa Mshai.

Pu-pu-pu-pu. Pengo akaruka tena. Ndiyo, alikwisha kuwa na jina: Pengo.

Akaenda mkuyu wa pili. Mweupe. Akaenda wa tatu. Mweupe.

Wa nne, mweupe. Wa tano, mweupe. Wa sita, mweupe pe!

Pengo akafika mkuyu wa saba. Huo bado ulikuwa na madoa yake.

Lakini pembeni yake alisimama Mzee Mwadime, ameshika brashi. Na brashi ilikuwa inadondoka chokaa. To. To. To.

Mshai alikimbia. Alikimbia mpaka sweta likapanda mgongoni. Akaukumbatia ule mkuyu kwa mikono miwili.

"Babu, usipake!"

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Ni kwao!"

"Kwao nani?" Mzee Mwadime akatazama juu, akatazama chini. "Sioni mtu hapa."

"Ni nondo, babu. Amejificha."

Mzee Mwadime akakuna kichwa. "Mwalimu mkuu amesema miti saba. Tumepaka sita. Mwambie yeye. Nitakusubiri mpaka nimalize chai yangu."

Kikombe chake kilikuwa kikubwa. Hiyo ilikuwa bahati.

Mshai akaenda ofisini. 

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mshai. Una chokaa sikioni." Mwalimu Saru alikuwa anapanga karatasi, na hakuinua kichwa.

"Mwalimu, naomba mkuyu wa saba usipakwe."

Hapo Mwalimu Saru akainua kichwa. "Mshai, mti usiopakwa ni kama mtoto asiyenawa uso. Wageni watasema nini?"

Mshai hakujua wageni watasema nini. Alijua jambo moja tu, akalisema.

"Mwalimu, njoo uone kitu kidogo."

"Nina kazi nyingi leo."

"Ni kidogo kweli, mwalimu. Hakizidi ukucha."

Mwalimu Saru alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Akaweka karatasi chini.

Walipofika, Mzee Mwadime alikuwa amebakiza nusu kikombe.

Mwalimu Saru akautazama mti. "Sioni kitu."

"Umetazama haraka, mwalimu."

Lo! Mtoto wa darasa la kwanza anamwambia hivyo mwalimu mkuu! Mzee Mwadime nusura apaliwe na chai.

Lakini Mwalimu Saru hakukasirika. Alifuta miwani yake. Kisha akapiga magoti kwenye nyasi, na gauni lake zuri.

*Yupo? Hayupo. Yupo!*
*Tazama polepole, utamwona alipo.*

Wakatazama polepole. 

"Aa!" Mwalimu Saru akanong'ona. "Mmoja."

Akasogeza uso. "Wawili. Watatu. Wanne."

Mshai akaonyesha kwa kidole. "Watano. Sita. Saba."

Mzee Mwadime akaweka kikombe chini, akainama. "Wanane! Na yule pale mwenye pengo, tisa!"

"Wote wamekimbilia hapa," Mshai akasema. "Miti mingine ni myeupe, hawana pa kujificha. Na nyanya anasema hawana kilima kingine."

Mwalimu Saru alikaa pale pale chini. Aliona haya, na hakuficha.

"Miaka kumi na miwili nimepita hapa kila siku," akasema. "Nimewafundisha watoto milima ya mbali kwa majina. Hawa wa kwetu sikuwajua."

Kisha akasimama, akapangusa magoti. "Mzee Mwadime, mti huu usiguswe."

"Na chokaa iliyobaki nitaipeleka wapi, mwalimu?"

"Kwenye mawe!" Mshai akasema.

"Una hakika mawe hayana wenyewe?" Mwalimu Saru akamuuliza.

Mshai akainua jiwe moja, akachungulia. "Kuna mjusi, mwalimu. Lakini yeye hukaa chini. Juu ni pa bure."

Basi mawe yakapakwa, upande wa juu tu. Yakapangwa duara kuzunguka kila mkuyu.

Na ile mikuyu sita? Mzee Mwadime alileta maji na gunia la magunzi ya mahindi. Darasa zima likaanza kusugua.

Fyo, fyo, fyo! Fyo, fyo, fyo!

"Taratibu!" Mzee Mwadime aliwaambia. "Msilichubue gome. Mnaosha mti, hamwoshi sufuria."

Chokaa nyingine ilitoka. Nyingine ilikataa katakata, kwa sababu ya ile chumvi.

"Iliyobaki tuiachie mvua," Mzee Mwadime akasema.

Jumamosi wazazi wakaja. Walivaa vizuri, wakanukia sabuni. Mawe yalikuwa meupe, yanang'aa.

Lakini miti! Mmoja wa madoadoa, na sita ina michirizi, kama mtoto aliyekunywa maziwa bila kujifuta.

"Mbona miti haikunawa uso?" akauliza baba mmoja mwenye kofia. Watu wakacheka.

"Mshai atawaeleza," Mwalimu Saru akasema.

Mshai akasogea mbele. Akamtazama nyanya yake. Nyanya akatikisa kichwa, ndiyo.

"Njooni kwenye mkuyu wa saba," Mshai akasema. "Msiongee. Mtazame polepole."

Wazazi wote wakaja. Wakainama, na kofia zao na vilemba vyao.

*Yupo? Hayupo. Yupo!*
*Tazama polepole, utamwona alipo.*

"Sioni chochote," baba mwenye kofia akasema. "Mnatuchezea. Hapa kuna gome tu."

Pa! Gome likaruka mbele ya pua yake. Papai, papai, papai, likazunguka kofia yake mara tatu!

"Aaaa!" wazazi wakasema wote pamoja. Baba mwenye kofia alibaki mdomo wazi, naye akasema, "Aaaa!"

Wakauliza maswali mengi. Mshai akajibu yote. Mahali pengine nyanya alimsaidia, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.

Wageni walipokwenda kula, Mshai alibaki. Akahesabu nondo. Mmoja, wawili, watatu... wanane.

Akahesabu tena. Wanane.

Akatafuta lile bawa lenye nafasi ukingoni. Alitazama polepole. Alitazama polepole kabisa.

Pengo hayupo.

Usiku ule Mshai hakumaliza chakula chake, na kilikuwa chapati.

"Nimemharibia nyumba, akaondoka," akasema. "Na hana pengine."

Nyanya hakumwambia nyamaza. Alimvuta karibu, akamfunika na khanga yake.

"Ulikosea, wajina. Kisha ukakimbia kutengeneza. Sasa subiri mvua. Mwenda pole hajikwai."

Mvua ikaja Jumanne. Kwanza to, to, to. Kisha shwaaaa!

Ilinyesha siku ile, ikanyesha na ya pili. Maji meupe yakashuka kwenye mashina, kidogo kidogo.

Wiki ya kwanza mkuyu wa sita ukawa wa kijivu. Nondo mmoja akahamia huko.

Wiki ya pili wakaonekana wawili kwenye mkuyu wa nne. Karani alipita karibu yao, tko, tko, tko, wala hakuwaona.

Lakini mkuyu wa kwanza haukuwa na nondo. Ule ndio alioupaka Mshai mwenyewe, na kwa bidii kuliko wote.

Kila mapumziko Mshai alikaa chini yake na kiazi chake. Alikaa Jumatatu. Alikaa Jumanne. Alikaa Jumatano, na mvua ikamkuta hapo.

Alhamisi akakaa tena. Akauma kiazi. Akatafuna.

Mara kipande cha gome kikatembea.

Mshai akaacha kutafuna. Hakupumua.

Manyoya meupe kichwani. Doa moja kwenye kila bawa. Na kwenye bawa la kulia, ukingoni...

"Pengo!"

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, inayomtosha nondo mmoja.

Alicheka huku machozi yanamtoka. Sasa kuna jambo ambalo sijakwambia, na Mshai mwenyewe alikuwa hajalijua vizuri.

Aligusa ufizi wake kwa ulimi. Pale palipokuwa wazi palikuwa na kitu kigumu, kidogo, chenye ncha.

"Jino langu linaota," akamwambia Pengo. "Pengo langu litaziba. Lako halitaziba, pole. Lakini mimi nitakujua kwa hilo."

Fuuu, akapuliza taratibu.

Pa! Papai moja likafunguka, na papai la pili, chini ya bawa lenye pengo. Kisha yakafunga. Gome likawa gome.

Jioni hiyo Mshai alikimbia mpaka nyumbani, hakumaliza hata nusu ya wimbo. Akamweleza nyanya kila kitu, kisha akamweleza tena tangu mwanzo.

Akala ugali wote. Akaosha miguu. Akapiga mswaki, na lile jino jipya akalipiga mara mbili.

Ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Nyanya alipokuja na taa, kitandani hapakuwa na mtoto. Palikuwa na blanketi la kijivu tu, limetulia.

Nyanya akakaa ukingoni mwa kitanda. Akatazama polepole.

"Yupo?" akauliza nyanya.

Blanketi halikujibu.

"Hayupo," nyanya akasema. "Maskini, wajina wangu amehamia Mombasa."

Blanketi likaanza kutikisika kwa kicheko.

Nyanya akapuliza taratibu. Fuuu.

Pa! Blanketi likafunguka, na Mshai akatoka na meno yake yote, na lile dogo jipya katikati.

"Yupo!" nyanya akasema, akamkumbatia, akapunguza taa.

Na juu ya kilima, kwenye mkuyu wa kwanza, kuna mwingine ametulia. Ukipita huko, usifanye haraka.